Nilikwenda Kuhani Munisagara, Nikafundishwa Ujirani

Akina mama wenzangu, zipo safari ambazo mtu huzifanya kwa furaha, na zipo nyingine huzifanya kwa aibu. Safari yangu ya mwezi wa Agosti mwaka jana ilikuwa ya aibu. Nilikuwa nakwenda Munisagara, wilayani Kilosa, kuhani msiba uliokuwa umeshapita miezi minne. Mliozoea misiba mnajua maana yake. Matanga yameshaanuliwa, masufuria yamerudishwa kwa wenyewe, nawe ndiyo kwanza unabisha hodi.

Naomba niwaeleze kwanza ilikuwaje hata nikachelewa hivyo.

MAJINA ZAIDI YA 300

Mimi ni muuguzi mjini Morogoro. Nimefanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka ishirini, na baada ya kazi natumika kanisani katika kamati ya kutembelea wagonjwa. Kwa sababu hiyo nimejuana na watu wengi: madaktari, walimu, maofisa, wenye maduka ya dawa, wake wa wakubwa. Wakati fulani nilihudhuria semina ya akina mama wajasiriamali, na mtoa mada akatufundisha kwamba mtaji mkubwa wa mtu ni watu anaowajua. Alituambia kila tunapokutana na mtu mpya tuchukue namba yake na kumjulia hali mara kwa mara, ili siku ya shida tujue mlango wa kugonga. Niliyashika maneno hayo kama mtoto anavyoshika somo la kipaimara. Simu yangu ikajaa majina zaidi ya 300, nami nikajiona tajiri.

Ndipo mume wangu akapata kiharusi. Upande wa kulia ulipooza na maneno yakampotea. Baada ya wiki tatu hospitalini tulirudishwa nyumbani. Wale kati yenu mliouguza mgonjwa wa namna hiyo mnaijua kazi yake. Mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ama sivyo ngozi ya makalioni na visiginoni inakufa na vidonda vya kulalia vinaanza. Inabidi alishwe polepole akiwa ameketi wima, asije akapaliwa. Mashuka yafuliwe kila siku. Mimi niliyewafundisha ndugu za wagonjwa mambo hayo kwa miaka mingi nilikuwa sijui kwamba yakifanywa na mtu mmoja peke yake, siku ya kumi mtu huyo anasinzia akiwa amesimama.

Wiki ya kwanza simu haikunyamaza. "Pole sana." "Tuko pamoja." "Tunakuombea." Wengine walituma fedha, nami nawashukuru hadi leo, maana dawa zilinunuliwa kwa fedha hizo. Wiki ya tatu ujumbe ukapungua. Mwezi wa pili simu ilikaa mezani kimya kama kipande cha sabuni. Sikuweza kuwalaumu. Nilikuwa nimewaweka watu hao kwa ajili ya siku ya shida yangu, na wao walikuwa wameniweka mimi kwa ajili ya siku ya shida yao. Yule aliyekuwa akinitafuta ili mgonjwa wake asaidiwe mapema, sasa angenitafutia nini? Sikuwa kazini. Sikuwa na cha kumfaa.

Aliyekuja ni mtu ambaye hata namba yake sikuwa nayo. Alikuwa mhudumu wa wodi yetu, mama aliyekaribia kustaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga deki na kusukuma machela. Kwa miaka mingi nilikuwa namtuma: "Dada, peleka hizi maabara." "Dada, niletee chai." Yeye aliniita Sista, kama watu wengi wanavyotuita sisi wauguzi. Jumamosi moja alibisha hodi, akaweka mkoba wake chini, akaniambia, "Sista, nenda ukalale. Mimi nimewaona miaka yote mnavyowageuza wagonjwa. Najua."

Nililala saa sita mfululizo. Nilipoamka mashuka yalikuwa yamefuliwa na kuanikwa, na mume wangu amelazwa ubavu kama inavyotakiwa, mto ukiwa katikati ya magoti yake. Dada huyo alikuja kila Jumamosi kwa miezi saba. Mume wangu hakupata kidonda hata kimoja. Leo anatembea kwa mkongojo, na jina langu analitamka.

Baadaye dada alistaafu, akarudi kwao Munisagara kumtunza mama yake mzee. Mwezi wa Aprili mwaka jana nikapata habari kwamba mama huyo amefariki dunia. Nilifanya nini? Nilituma shilingi 30,000 kwa simu, na maneno haya: "Pole dada. Tuko pamoja." Kisha nikaendelea na zamu yangu.

Miezi ikapita. Jioni moja mume wangu, kwa ulimi wake ulio mzito bado, aliniuliza neno moja tu: "Ulikwenda?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini.

NJIA YA MSOWERO

Kutoka Morogoro mjini basi la Kilosa linashika barabara ya Dodoma, linapita Dakawa penye mashamba ya mpunga, na likifika Dumila linakata kushoto. Kuanzia hapo unaona milima ya Ukaguru mkono wa kulia, rangi ya buluu asubuhi. Karibu yangu alikaa kijana wa sekondari aliyekuwa akirudi shule. Tulipofika Msowero alinionyesha dirishani: "Mama, hapa ndipo kwa Mangungo."

Naam, Mangungo wa Msowero! Nani kati yetu hakukariri habari zake darasani? Mwezi wa Novemba 1884 Mjerumani kijana, Carl Peters, mwenye umri wa miaka 28, alitoka Unguja na wenzake wachache akaingia bara. Kwa wiki chache tu alipita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya mikataba. Tarehe 29 Novemba alikuwa Msowero kwa Mangungo. Tarehe 4 Desemba alifika kwa Mwinyi Sagara, ambaye jina lake hata leo linasikika ndani ya jina la Munisagara, huko huko nilikokuwa nakwenda. Hati ziliandikwa kwa Kijerumani. Waliotia alama zao hawakuweza kuzisoma. Mwinyi Sagara aliandikwa kuwa bwana wa Usagara yote, hali wenyeji wa milima ile hawakuwa na mfalme mmoja wa namna hiyo. Kila mkubwa alikuwa na watu wake na eneo lake. Peters akakunja karatasi zake akarudi kwao, na tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Wajerumani, Wilhelm wa Kwanza, akatoa barua ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Mengine mnayajua.

Nilipokuwa shule ya msingi tulimcheka Mangungo. Safari hii sikucheka. Nilikumbuka jambo moja ambalo mwalimu wetu alilitaja na sisi hatukulitilia maanani: hati ile ya Msowero ilijiita mkataba wa urafiki wa milele. Wa milele! Mtu amefika juzi, kesho anaondoka, hajui watoto wa mwenyeji wake wanaitwa nani, naye anaandika urafiki wa milele. Alikuja akiwa na haja yake, akaipata, akaenda zake. Msiba ulipoingia katika nyumba zile, rafiki huyo wa milele hakuonekana na jembe la kuchimbia kaburi.

Sisemi kwamba kosa langu na la Peters ni sawa. Yeye alitwaa nchi za watu. Lakini nilipokuwa nimeketi ndani ya basi lile nilijiuliza: maneno yangu "tuko pamoja" yalikuwa na uzito gani kuliko hati yake? Tulikuwa pamoja wapi, mimi na dada yangu? Yeye alikuwa chini kwenye mkeka, mimi nilikuwa Morogoro.

KANDO YA MKONDOA

Kilosa mjini nilipanda pikipiki. Njia ya Munisagara inafuata bonde la mto Mkondoa, na reli ya zamani nayo inafuata mto. Ni ile Reli ya Kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Baada ya Kilosa inajipenyeza kati ya mto na milima, kituo baada ya kituo: Munisagara, Mzaganza, Kidete, na kuendelea hadi Gulwe. Mwezi wa Agosti Mkondoa ni mpole, mchanga mwingi na maji kidogo, wanawake wanafua na watoto wanaogelea. Usidanganyike. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto huu ulivunja kingo zake, ukaingia Kilosa mjini, watu wakalala katika mahema, na reli ikakatika hata treni za abiria zikasimama kwa miezi.

Siku hizi iko reli mpya ya umeme, ambayo imetobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa, na tangu mwaka 2024 inachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini nilipokuwa nyuma ya ile pikipiki, vumbi likinijaa usoni, niliwaza kwamba reli, iwe ya zamani au mpya, inakufikisha kituoni tu. Ukishashuka na mzigo wako kichwani, unahitaji mtu wa kukupokea.

Dada alinipokea. Alikuwa anapura maharage uani. Aliponiona aliacha fimbo ikaanguka, akasema, "Sista!" Nikataka kumwomba radhi hapo hapo, lakini machozi yakanitangulia. Tukalia wote wawili kama vile msiba ni wa jana. Majirani wakaja. Mmoja akatandika mkeka, mwingine akaja na ndoo ya maji. Bibi mmoja, rafiki wa marehemu tangu usichana wao, alifika akitembea kwa fimbo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye nesi wa Morogoro?"

"Ndiye mimi, bibi."

Akanitazama kwa muda, halafu akasema taratibu, "Hela yako ilifika mapema. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

DAFTARI LA MSIBA

Jioni hiyo dada alinionyesha daftari la msiba. Ni daftari la kawaida la shule, limeandikwa na binti ambaye ni katibu wa kikundi cha akina mama. Mahali pengi tunaandika fedha za rambirambi. Hapa waliandika kila kitu. Debe moja la mahindi. Kuni, mzigo mmoja. Maji, ndoo sita. Mtu aliyechimba kaburi, siku nzima. Mama aliyelala na wafiwa, siku saba. Mwislamu aliyepikia wageni, na Mkristo aliyemwazima sufuria. Katikati ya ukurasa nikaliona jina langu: "Sista wa Morogoro, 30,000." Ilikuwa fedha taslimu nyingi kuliko ya mwingine yeyote katika ukurasa ule, nami nikaona haya kama vile nimeandikwa mwizi.

Nilimwuliza yule binti kwa nini wanaandika hata ndoo za maji. Akajibu, "Ili tujue tuna deni kwa nani, mama. Wakipatwa na wao, twende."

Nikamwuliza tena, "Na yule ambaye hayumo humu kwa sababu hakuleta kitu?"

Alinishangaa. "Wapo. Mmoja ni mgonjwa, mwingine hana kitu. Wakipatwa, tutakwenda vile vile. Si wako hapa?"

Akina mama, nimelifikiri jibu hilo kwa mwaka mzima. *Si wako hapa?* Katika semina yetu tulifundishwa kumchagua mtu kwa kile anachoweza kutufaa. Munisagara mtu hahesabiwi kwa faida yake. Anahesabiwa kwa sababu yupo, moshi wa jiko lake unaonekana, na asipoonekana asubuhi mtu atauliza.

Nilimkumbuka Naomi wa Biblia. Aliwaambia wakweze waziwazi kwamba hana kitu tena cha kuwapa, warudi kwao. Orpa alimbusu akaenda zake, wala Maandiko hayamtukani. Ruthu alibaki. Kwa hesabu ya semina yetu, Naomi hakuwa mtu wa kuhifadhiwa namba yake.

KUFULI TATU

Usiku wa pili, yapata saa nane, tulisikia hodi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na binti mwenye mimba ya kwanza, ana uchungu tangu alfajiri ya siku iliyopita, na nguvu zimemwishia. Nilikwenda mbio na tochi. Midomo yake ilikuwa imekauka, mapigo ya moyo yanakwenda kasi, na nilipompapasa tumbo niliona kichwa cha mtoto hakijashuka bado. Nikasema, "Huyu ni wa hospitali, tena si asubuhi. Sasa hivi."

Kijiji kina mtu mwenye gari dogo la kubebea mahindi. Gari lilikuwapo, mafuta hayakuwapo. Fedha zilikuwa katika kisanduku cha kikundi. Pengine mmeviona visanduku hivyo vya chuma, maana vikundi vya kuweka na kukopa viko karibu kila mahali nchini. Kinakuwa na kufuli tatu, na funguo tatu zinatunzwa na wanawake watatu mbalimbali, asiwepo wa kukifungua peke yake. Ndani mna fedha za hisa, na pembeni mna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba.

Basi zikatafutwa funguo tatu usiku ule. Wa kwanza alikuwa jirani, akaja. Wa pili anakaa ng'ambo ya reli, akafuatwa akaja na mtoto mgongoni. Wa tatu, watu walitazamana. Mama huyo na mama mkwe wa yule binti walikuwa hawasalimiani kwa muda mrefu, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Ilisemekana hata kisimani hupishana. Nani amfuate? Bibi wa fimbo alisema, "Nakwenda mimi," lakini kabla hajafika mlangoni mama yule akaingia. Alikuwa amesikia kelele akaja mwenyewe, na ufunguo wake umefungwa kwenye pindo la kanga.

Akafungua kufuli yake. Fedha zikahesabiwa mbele ya wote, zikaandikwa daftarini, dereva akapewa za mafuta. Mama yule akavua kanga ya mabegani mwake, akamfunika binti pale garini, maana palikuwa na baridi. Mama mkwe alimtazama. Hakuna aliyesema kitu. Hawakusalimiana hata usiku ule.

Mimi nami nilikuwa na kazi yangu. Nilipanda juu ya tuta la reli kutafuta mtandao, nikampigia muuguzi mwenzangu wa Kilosa ambaye nilisoma naye chuo. Nilimweleza hali ya mgonjwa, naye akawatayarisha wenzake. Gari lilipofika walikuwa wanasubiri. Saa tatu asubuhi ujumbe ukaingia: mtoto wa kiume, amezaliwa kwa upasuaji, mama na mtoto ni wazima. Mapokezi yale yalitoka katika majina yale yale zaidi ya 300 ya simu yangu. Kwa hiyo siwaambii myafute. Kujuana na watu ni jambo jema, na siku hiyo kulisaidia kuokoa maisha. Lakini kama majirani wasingesikia, na funguo tatu zisingekuja, ningempigia nani kwa habari gani? Binti angebaki ndani ya nyumba yake.

Asubuhi ya siku ya tatu bibi alinijia na ndoo mbili. Akacheka, mapengo yake yote yakaonekana. "Mgeni siku mbili," akasema. Nikamalizia mwenyewe: "Siku ya tatu mpe jembe." Nyumba ya yule binti ilikuwa haina mtu wa kuteka maji, mama mkwe alikuwa hospitali. Nikateka maji. Safari nne, na shingo iliuma wiki nzima. Mchana ule dada aliacha kuniita Sista. Alisema, "Mdogo wangu, njoo ule."

SI ASALI TUPU

Sitaki mfikiri kwamba Munisagara ni paradiso. Mahali watu wanapojuana hivyo, siri haikai. Mkopo wako unajulikana, ugomvi wako na mumeo unajulikana. Wapo waliochoka kuombwa, na wapo wanaopokea bila kutoa. Tena kukaa karibu peke yake hakuleti ujirani. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, pale Rudewa Mbuyuni, mwezi wa Desemba 2000 ugomvi wa wakulima na wafugaji ulifikia kuuawa kwa watu 38. Walikuwa watu wa eneo moja, wanaotumia maji ya bonde moja. Ujirani ni kazi inayofanywa kila siku, na isipofanywa hufa.

Lakini yule mama wa ufunguo wa tatu alinionyesha kitu ambacho sijakisikia katika semina yoyote. Katika kujuana kwa manufaa, tukikosana nafuta namba yako, na habari imekwisha. Jirani unaweza kukosana naye na bado ukawa na ufunguo wake. Huruhusiwi kumfuta.

Na sisi wa kanisani tujitazame. Jumuiya zetu tunaziita jumuiya, lakini je, ni jumuiya kweli? Nimeona sala ya jumuiya ikiwa nyumbani kwa mkubwa tunajaa hadi barazani, na ikiwa nyumbani kwa mjane wa chumba kimoja tunapata udhuru. Nimewahi kutoa udhuru huo mimi mwenyewe. Yule Msamaria wa mfano wa Bwana Yesu alilipa fedha, ndiyo, lakini kwanza alishuka kutoka kwenye mnyama wake akafunga majeraha kwa mikono yake, na tena aliahidi kurudi. Mimi nilikuwa nimechukua sehemu ya fedha tu.

NYUMBANI

Niliporudi Morogoro dada alikuwa amenifungashia mahindi na maharage, zaidi ya tunavyoweza kula watu wawili. Nikaketi jikoni nikaanza kufikiri nimpelekee nani. Akaja akilini mwangu mama wa nyumba ya jirani. Tumepakana ukuta kwa miaka sita. Nilikuwa namwita "mama wa geti jeusi", maana jina lake sikulijua. Namba za simu za wakubwa ninazo, jina la mtu anayesikia kikohozi changu usiku sina!

Nikachukua maharage katika bakuli nikaenda kubisha. Alifungua kidogo, kwa wasiwasi, akidhani kuna tatizo. Nikamwambia, "Hakuna tatizo, jirani. Nimetoka safari, nimekuja kukusalimu." Alinitazama, halafu akafungua geti lote. Tulikaa nusu saa. Nilijua jina lake, na watoto wake watatu, na kwamba ule mwezi wa kiharusi alikuwa akisikia mashine yetu ya kufulia usiku wa manane akatamani kuja, lakini akaogopa. "Nilisema, yule ni nesi, ana watu wake," aliniambia.

Ana watu wake. Akina mama wenzangu, ni wangapi wanaopita mbele ya milango yetu na kusema hivyo?

Nawaomba jambo dogo. Mwezi huu, kabla hamjatuma "pole" nyingine kwa simu, jiulize kama nyumba hiyo inafikika kwa miguu au kwa nauli unayoweza kuipata. Kama inafikika, nenda. Nenda hata kama umechelewa, kama nilivyochelewa mimi. Usiende na maneno mengi. Nenda na muda, na mikono miwili. Mwulize mwenye kuuguza: "Nikukalie saa ngapi ukalale?" Na kama hujui jina la jirani wa ukuta wako, anza na hilo.

Mume wangu aliniuliza swali lake tena jioni niliporudi, akitabasamu kwa upande mmoja wa uso. "Ulikwenda?"

"Nilikwenda," nikamjibu. "Na Desemba tutakwenda wote wawili. Bibi amesema anakungoja."